Kobe wa Miguu Mitatu

Mama Kobe alikuwa mwoga. Si mwoga wa nyoka na radi, maana hao hata majasiri wanawaogopa. Yeye aliogopa kengele ya baiskeli. Aliogopa mtu akikohoa nyuma yake. Mlango wa jirani ukibishwa, yeye huku kwake aliitikia, "Sikufanya mimi!" Siku moja kivuli chake mwenyewe kilimtangulia kukata kona. Akakipisha, akasimama kando na kikapu kichwani mpaka jua likazama na kivuli kikaenda kwao, ndipo akaendelea na safari.

Lakini mpeleke mbele ya pipa la sabuni uone. Kostiki, ile dawa kali inayotafuna kitambaa kama mbuzi mwenye njaa, aliimimina kwenye maji huku akiimba. Mafuta yakichemka na kuruka, aliyakemea, nayo yakashuka kwa adabu. Alikoroga kwa mwiko mrefu kuliko yeye, akamimina uji ule mzito kwenye kalibu za mbao, na ukishaganda akaukata miche kwa waya. Kabla mche haujakauka sawasawa, alichukua muhuri wa mbao, akaugonga kwa kiganja: pa! Akiuinua, kobe amelala juu ya sabuni, shingo imenyooka, miguu mitatu.

Ndiyo, mitatu. Muhuri ule aliuchonga marehemu mume wake, seremala. Alikuwa amekaa nje anaanza mguu wa nne, mkewe yuko ndani na mkunga. Mtoto akatoka na ukelele uliopasua vyungu nyumba tatu. Seremala akashtuka, patasi ikateleza, mguu wa kobe ukaruka ukaenda zake.

"Chonga mwingine," mkewe alimwambia, alipopata nguvu za kugombana.

"Huyu atatembea," alisema mume. "Wewe una miwili tu, mbona unafika sokoni?"

Basi kobe akabaki hivyo hivyo, na akafika mbali. Dukani hakuna aliyesema "nipe sabuni". Walisema, "Nipe kobe." Sabuni yenyewe haikuwa na haraka ya kuisha. Kuna mama alifulia nepi za mwanawe kwa mche mmoja, mtoto akakua, akaoa, na mche ule ule akapewa aanzie maisha.

Aliyejua kuipeleka madukani alikuwa kijana mmoja mwenye pikipiki na jino la dhahabu. Watu walimwita Tabasamu, kwa kuwa mdomo wake haukufungika hata kwenye msiba. Mama Kobe alimwita mwanangu. Yeye alipika, Tabasamu alisambaza, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwangalia mwenzake kwa jicho baya.

Asubuhi moja Tabasamu alikuja bila kreti za kupakia sabuni. Alikaa kwenye kigoda, akakunja nne, akatabasamu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo huna kreti?"

"Leo nina habari. Yule kobe sasa ni wangu."

Mama Kobe alitazama uani, kama vile kuna kobe kweli ametoroka. "Kobe gani?"

"Huyo unayemgonga kwenye miche. Nimemsajili serikalini, jina langu, picha yangu. Mtu mwingine akimtumia ni mwizi. Ukimgonga tena, mama yangu, askari watakuja hapa na gari. Mimi sitaki ufike huko, wewe ni mzazi wangu."

Mwiko ulimtoka mkononi ukazama kwenye pipa.

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Utanipikia mimi. Unakuwa mfanyakazi wangu, mambo yale yale, ila sabuni ni yangu. Fikiri taratibu, wala usiogope."

Kumwambia Mama Kobe asiogope ni kama kumwambia samaki asilowe. Pikipiki haijafika hata barabarani, yeye alishajihukumu. Aliona gari la askari kwenye kila wingu. Aliona pingu, aliona hakimu mwenye sauti ya ngoma. Akakimbilia kwenye vichanja, akashika kisu, akakwangua kobe kwenye miche yote iliyokuwa inakauka, mmoja baada ya mwingine, mpaka sabuni ikabaki uchi. Akakusanya makombo akayarudisha kwenye pipa. Kisha akauchukua muhuri wa marehemu, ule uliokuwa umelainika kwa kiganja chake kama shavu la mtoto, akauchomeka kwenye moto chini ya pipa. Ukawaka kwa moto wa buluu, kwa sababu ulikuwa umekunywa mafuta miaka yote ile. Yeye akalia, akauchochea uwahi kuisha.

Binti yake alimkuta hivyo, macho mekundu, uso umejaa majivu. Binti huyu ndiye yule aliyepasua vyungu. Sasa alikuwa fundi cherehani, na kwa mdomo wake watu walimwita Sindano.

"Mama! Nani kafa?"

"Mimi. Bado kunizika tu."

Akamweleza yote. Sindano alisikiliza, mikono kiunoni.

"Na ukachoma muhuri."

"Ningeuweka wapi wakija kupekua?"

"Mama, mtu amekuambia amekuibia, na wewe unamfutia nyayo?"

"Ana karatasi za serikali!"

"Umeziona?"

Mama Kobe alikuwa ameona jino la dhahabu, basi.

"Vaa viatu," alisema Sindano. "Tunakwenda huko huko kwenye ofisi ya usajili."

Kwa Mama Kobe, hiyo ilikuwa sawa na kumwambia aende kumwamsha simba amuulize kalalaje. Alivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Njiani aliuliza mara chungu nzima kama ofisini kuna seli. Walipofika kwenye jengo lenye sakafu inayong'aa, alivua viatu mlangoni, akavishika mkononi, akatembea kwa vidole kama mtu anayepita juu ya mayai.

Afisa aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, yenye kufanya macho yake yaonekane makubwa kama ya bundi. Mama Kobe alipoyaona alianza kuomba msamaha.

"Vaa viatu, mama," alisema afisa. "Sakafu ina baridi. Tatizo nini?"

Sindano akaeleza. Afisa akabonyeza kompyuta yake, akatafuta, akageuza kioo. Pale palikuwa na kobe. Miguu mitatu. Mama Kobe alihisi kama ameonyeshwa picha ya mtoto wake akiwa kwa watu asiowajua.

"Huyu?"

"Ndiye," alinong'ona.

"Sikieni basi, niwaambie taratibu. Alama ya biashara kazi yake ni kumwambia mnunuzi bidhaa hii imetoka kwa nani. Inaweza kuwa jina, inaweza kuwa picha. Neno 'sabuni' peke yake siwezi kumpa mtu akalifungia kabatini, maana kila mpishi wa sabuni analihitaji. Lakini kobe kwenye sabuni ni kitu kingine. Hakuna anayemwona kobe akawaza kuoga."

Sindano alicheka. Mama yake alimfinya, wasije wakakamatwa kwa kucheka.

"Anayetaka alama iwe yake kisheria," aliendelea afisa, "anakuja hapa anaomba, anasema ni ya bidhaa za aina gani. Tunatafuta kama ipo nyingine inayofanana nayo. Tusipoiona, tunaitangaza, ili mwenye neno ajitokeze apinge. Muda wa kupinga ukipita kimya, tunaiandikisha."

"Na ya huyu bwana?" aliuliza Sindano.

"Imetangazwa. Hajapewa bado."

"Kwa hiyo alidanganya!"

"Alitangulia kusema. Lakini mkinyamaza, atapewa kweli, na hapo mama yako kugonga kobe wake itakuwa kesi."

Mama Kobe alishika ukingo wa meza. Hapo mwanzo aliogopa uongo. Sasa alikuwa anaogopa ukweli, na ukweli ulikuwa mzito zaidi.

"Kupinga mnaweza. Nionyesheni kwamba alama hii mlikuwa nayo kabla yake. Kitu cha zamani. Muhuri wenyewe, kwa mfano, uko wapi?"

Mama Kobe akaanza tena kuvua viatu.

"Nimeupikia," alisema Mama Kobe.

"Umeu...?"

"Chini ya pipa. Uliwaka vizuri."

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia. "Sabuni za zamani?"

"Nimekwangua."

"Basi tafuteni wenye maduka. Waje waseme kobe wanamjua kutoka kwako. Ila msichelewe."

Sindano aliingia duka baada ya duka. Wenye maduka walikuna vichwa. Mmoja alisema anayemjua yeye ni Tabasamu tu, ndiye anayeleta mzigo. Mwingine alisema, "Mdogo wangu, nikisema hivyo akaninyima kobe, wateja wangu watakwenda kwa jirani." Hakuna hata mmoja aliyekubali kuja. Wote walikuwa waoga, ila wao hawakuwa wamezoea, kwa hiyo walikuwa wanaona haya.

Siku zilizofuata Mama Kobe hakupika. Pipa lilipoa, na moyo wake nao. Alilala na nguo za kutokea, asije akachukuliwa na kanga moja. Uji ulimshinda, usingizi ulimpaa. Kila gari lililopita lilisimama kwake, angalau tumboni. Akijitazama aliona mwanamke asiyejua kazi nyingine chini ya jua, na kazi hiyo ina uso wa kobe, na uso huo unakwenda kuwa wa mtu mwingine.

Alasiri moja, akiwa peke yake, alisikia pikipiki ikizimwa nje. Kisha viatu vizito. Pu, pu, pu. Vikasimama mlangoni.

"Hodi!"

Wamekuja! Alipiga komeo, akasogeza kabati la vyombo, akaona haitoshi, chini ya mlango kuna upenyo, wataona miguu yake. Akapiga magoti alivute lile gunia la kufutia miguu, aliloliweka pale juu ya kizingiti tangu bintiye yuko mgongoni, analikung'uta kila asubuhi huku kichwa chake kiko sokoni. Akalikunja alisokomeze kwenye upenyo.

Kobe alikuwa anamtazama.

Alikuwa kwenye simenti ya kizingiti, amezama vizuri, shingo imenyooka, miguu mitatu. Mama Kobe akapiga yowe. Nje ya mlango, mtu naye akapiga yowe.

"Mama Kobe! Unachinjwa?"

Sauti aliijua. Alikuwa Fundi Bado, mwashi mzee wa mtaa huo, ameletwa na bodaboda kununua sabuni, na viatu vizito vilikuwa mabuti yake ya mpira. Alipewa jina hilo kwa sababu ukimuuliza nyumba imefika wapi, jibu ni moja.

Mama Kobe alisogeza kabati, akafungua, akamvuta kwa shati. "Tazama! Ametoka wapi huyu?"

Fundi Bado aliinama, magoti yakalia kama bawaba. "Ametoka wapi? Si mumeo! Siku namaliza kizingiti hiki, simenti bado mbichi, mimi nainua msumari niandike mwaka kama tunavyofanya mafundi, yeye anatoka mbio na kibao chake kipya. 'Ngoja nijaribu!' Pa! Katikati ya kazi yangu! Nilimtukana mpaka mate yakaniisha. Halafu nikaandika mwaka pembeni, ili watu wajue fundi hakuwa amelewa. Huu hapa, mwandiko wangu. Wewe ulipoinuka kitandani ukakasirika, ukafunika na gunia. Ulisema wageni watakucheka, nyumba mpya ina kobe kilema mlangoni."

Alikumbuka. Alikumbuka hasira, alikumbuka gunia lilivyokuwa jipya. Kizingiti ndicho alichokuwa amesahau, kwa kuwa nani anakumbuka kile anachokanyaga kila siku? Akaupapasa mwaka ule kwa kidole. Ulikuwa mwaka wa kuzaliwa Sindano, wakati Tabasamu bado ni nia tu kwa wazazi wake.

Sindano alipofika jioni alitaka kupiga picha kwa simu.

"Hapana," alisema mama yake.

"Picha tu, mama, tuwapelekee."

"Simu inaibiwa. Na picha si inafutika? Je, Tabasamu akisikia, akaja na nyundo tukiwa huko ofisini? Nimeshachoma kimoja kwa mkono wangu. Hiki sikiachi nyuma."

"Sasa utafanyaje na kizingiti?"

Mama Kobe alimgeukia mwashi. "Fundi, unaweza kukitoa?"

Fundi Bado alikuna kidevu. "Kukiweka ilinichukua wiki. Kukitoa..." Alitazama uso wa Mama Kobe, akaona leo si siku ya kusema neno lake. "Nitakitoa."

Asubuhi kizingiti kilipanda mkokoteni kimelazwa juu ya godoro, kimefunikwa shuka, Mama Kobe pembeni amekishika kama mgonjwa. Watu njiani walivua kofia. Mzee mmoja aliuliza marehemu alikuwa nani, akajibiwa hajafa bado. Mlinzi wa ofisi ya usajili akaweka mkono mbele.

"Ndani kuna nini?"

"Kizingiti," alisema Sindano.

"Cha nani?"

"Cha mlango wetu."

"Na mlango?"

"Tumeuacha nyumbani."

Mlinzi alifikiri, hakuona pa kukatazia, akasaidia kubeba.

Afisa wa miwani alikisikia kabla hajakiona, maana kiliposhushwa chini vikombe vya chai viliruka. Akafunua shuka, akachuchumaa, akatazama kobe, akatazama mwaka, akatazama tena kobe.

"Mama," alisema polepole, "picha ya simu ingetosha."

Sindano alifumba macho. Fundi Bado alikohoa. Mama Kobe alishtuka kwa kikohozi.

"Lakini kwa kuwa kimefika," alisema afisa, "kikae. Pingamizi nimelipokea. Siku tutakayomwita mwombaji, mje wote."

Siku hiyo Tabasamu aliingia na shati lililopigwa pasi hadi likawa linasimama lenyewe. Alipomwona Mama Kobe akamwamkia vizuri, na yeye, kwa mazoea na kwa woga, akaitikia. Magoti yake yaligongana kwa nguvu mpaka afisa akadhani kuna mtu anabisha hodi, akasema, "Karibu."

"Alama hii uliibuni wewe?" afisa alimuuliza Tabasamu.

"Kwa kichwa changu."

"Kobe ana miguu mingapi?"

"Minne, si kama wote."

"Wako ana mitatu."

Tabasamu alitazama picha yake mwenyewe kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameinakili kutoka kwenye mche wa sabuni na hakuwahi kuhesabu. "Wa nne uko nyuma," alisema. "Kwa upande huu hauonekani."

"Mama, na wewe?"

Mama Kobe alifungua mdomo. Chumba kilizunguka, na macho yale makubwa nyuma ya miwani yakazunguka nacho. Aliona mlango uko wazi, aliona jinsi ya kukimbia. Kisha akaona kizingiti chake pale ukutani, kimeegemezwa pembeni, kobe akimtazama kwa mguu wake pungufu.

"Hakuna mguu nyuma," alisema, sauti nyembamba kama uzi. "Uliruka. Mume wangu alikuwa anachonga. Huyu akazaliwa akalia." Akamnyooshea kidole Sindano, kidole kikitetemeka hata kikaonyesha watu wote chumbani. "Mguu wa nne ameula huyu."

"Na mimi niliandika mwaka," alidakia Fundi Bado, "kwa msumari."

Afisa alipitisha kidole chake kwenye mguu wa mbele wa kobe wa simenti, kisha kwenye picha ya Tabasamu. Pale patasi ilipoteleza palikuwa na mkwaruzo mdogo ukishuka tumboni. Ulikuwepo kwenye simenti. Ulikuwepo kwenye picha.

"Na huu mkwaruzo, bwana? Nao ulitoka kichwani?"

Kwa mara ya kwanza, hata wanaomjua tangu utoto wanasema, mdomo wa Tabasamu ulifungika. Jino la dhahabu likabaki gizani. Ombi lake likakataliwa.

"Sasa wewe mama," afisa alisema, "usiende nyumbani ukafurahi tu. Kumkatalia yeye si kukupa wewe. Omba kwa jina lako, leo hii, la sivyo kesho atakuja mwingine."

Akawekewa wino. Kidole gumba kilitetemeka kikaacha alama kama ya umati wa watu. Wakajaribu tena, tena, mpaka Sindano akamshika mkono kwa nguvu zote na kidole kikatulia.

Fundi Bado alirudisha kizingiti mahali pake. Muda wote huo mlango ulikuwa hauna kizingiti, kuku wa mtaa mzima walikuwa wanapita sebuleni kama barabara kuu. Kabla ya kuondoka alikoroga simenti laini, akapaka mafuta ndani ya shimo la kobe, akaijaza humo, akapachika mpini. Ilipokauka akaing'oa. Ulikuwa muhuri, na kobe wake ni yule yule, mkwaruzo na yote.

Cheti kilipotoka, Mama Kobe aliwasha moto chini ya pipa. Mche wa kwanza ulipokuwa tayari aliuweka mezani, akainua muhuri mpya, mzito kuliko wa zamani, akaugonga. Pa!

Wakati huo huo mlango ukabishwa.

Aliruka, akajikuta chini ya meza, roho mkononi, muhuri kifuani. Mdomo wake ulifunguka wenyewe kama siku zote.

"Nimefanya mimi!" alipiga kelele kutoka chini ya meza. "Ni mimi!"

"Basi kama ni wewe," ilisema sauti ya mwanamke nje, "niuzie kobe wawili, nguo chafu zimenijaa."